Upande B wa Kaseti Isiyo na Jina

Niliitambua kwa ushonaji kabla sijaiona kaseti yenyewe. Ilikuwa soko la Ariwara, kaskazini mwa Ituri, Kongo, kwenye kibanda cha mzee anayeuza vyuma na nyaya za redio zilizokufa, nami nilikuwa nikitafuta tu kitu cha kutazama wakati lori letu linapakia. Katikati ya rundo la kaseti zilizopauka kulikuwa na kifuko cha kitenge, bluu yenye maua ya njano, kimeshonwa mishono miwili sambamba pembeni na kufungwa kwa kifungo cha shati. Hakikuwa na jina wala picha wala majina ya nyimbo. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyeshona vifuko vya namna hiyo, na alivishona mwaka mmoja tu, katika chumba kimoja cha mtaa wa Ngezi, Bunia, wakati wa vita. Mzee aliniona nimeganda. "Ile usipoteze muda nayo," akasema. "Nilipima kuicheza. Upande moja ni muzuri kidogo, upande ingine ni sawa bata wanagombana." Nikamwambia, "Muzee, unisamehe, ile si bata. Ile ni hip hop nzuri kuliko yote iliyotoka Ituri." Alitazama viatu vyangu, kisha uso wangu, kisha tena viatu. "Kama ni muzuri vile," akauliza, "juu ya nini iko kwangu hapa, chini ya misumari?" Lilikuwa swali la haki, na safari nzima ya kwenda Bunia nilikuwa nikilijibu kimoyomoyo. Naliandika jibu hapa kwa sababu mzee yule hakuwa na muda wa kulisikiliza lote.

Nilikuwa naenda Bunia kwa ajili ya Baso. Jina lake la ubatizo ni Faustin, lakini tangu ujanani tulimwita Baso, kwa sababu ya sauti yake nzito iliyotoka chini kabisa, sauti ambayo ukiisikia ulitaka kuketi. Koo la Baso lilianza kuharibika wakati binti yake Grâce akiwa bado anabebwa mgongoni. Likakwaruza mwaka hadi mwaka, na mwishowe madaktari wa Kampala wakakata kilichokuwa kimeota humo. Sasa Baso ananong'ona tu, na lazima umtazame midomo. Grâce ndiye aliyenipigia simu. Anasomea mambo ya kompyuta pale Bunia, na ana tabia ya kuuliza swali akiwa ameshakata shauri kwamba utalijibu. "Tonton Dido," aliniambia, maana kwake mimi ni mjomba, "batu yote wanasema Papa alikuwaga na sauti. Mimi sijaisikia. Mama anasema ilikuwa sawa ngoma, Tantine Claudine anasema ilikuwa sawa lori inapanda mulima. Weye unasema sawa nini?" Nikamwambia nitamletea jibu. Siku chache baadaye nikakutana na kile kifuko chini ya misumari.

Ya kwetu nyumbani nayaacha. Hayana la ajabu. Shule niliiacha mapema, si kwa ujinga, bali kwa sababu kila mwalimu alipoonyesha mahali kwenye ramani mimi nilitaka kwenda, na darasa lilibaki palepale. Nilikwenda na malori na kurudi na malori mengine. Mwaka mmoja kabla ya habari hii nilikuwa Mongbwalu, kwenye dhahabu, lakini sikuwa mchimbaji mzuri. Nilikuwa msikilizaji. Kulikuwa na kina mama waliotwanga mawe yenye dhahabu kwenye vinu vya chuma, wawili wawili, mchi wa mmoja ukishuka wa mwenzake ukipanda, na mdundo wao haukukosea tangu asubuhi hadi jua linapoinama. Wengine waliona vumbi na jasho. Mimi nilikuwa nimesikia kaseti za hip hop za madereva kutoka pande zote, za Kinshasa, za Kampala, za Dar es Salaam, na nilipowasikia wale mama nilijua kwamba sisi hatuhitaji mashine ya mtu kutupigia ngoma. Niliondoka Mongbwalu vita vilipofika huko, na vitu viwili tu vya maana: mdundo ule kichwani, na redio ya kaseti mbili, ile ambayo inaweza kurekodi na kunakili, iliyokuwa na mpini uliovunjika.

Bunia niliyoikuta ilikuwa imekatwa vipande. Mtaa huu ulikuwa wa hawa, mtaa ule wa wale, na kati yao vizuizi vya kamba na mapipa, ambavyo kila mtu aliviita barieri. Sitaandika makabila. Siye tuliokuwepo tunajua nani alikuwa nani, na kazi yetu yote ya mwaka ule ilikuwa kutengeneza kitu ambacho msikilizaji hawezi kukiuliza swali hilo. Mimi nilikuwa mtu wa mbali, wa kabila ambalo halikuwa kwenye ugomvi, ndiyo maana niliweza kuzunguka. Siku moja kaptula yangu ilipasuka na nikaingia kwenye duka la kushona la Mama Serafina, pale Ngezi, nikakaa nimejifunga kanga ya kuazima huku mpwa wake, Claudine, akiishona. Kwa kukosa la kufanya nikaanza kugonga mdundo wa Mongbwalu kwenye meza ya kukatia. Claudine hakuinua kichwa. Mguu wake tu, uliokuwa ukikanyaga mashine, ulibadili mwendo na kuufuata mdundo wangu, kisha ukaunyoosha, kwa sababu mimi nilikuwa nakosea. Halafu, nyuma ya nguo zilizoning'inia pembeni, sauti ya mtu nisiyemwona, nzito na ya chini sana, ikaanza kuweka maneno juu ya mashine. Mama Serafina akaniangalia na mkasi mkononi. "Umesikia nini?" akauliza. Nikasema, "Sijasikia kitu, mama." "Muzuri," akasema. "Basi utakula na siye."

Mtu anayetaka kuielewa kaseti ile lazima akijue chumba hicho. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya matofali ya udongo, dirisha lake la mbao likifunguka barabarani, mlango wa nyuma ukitoka uani penye jiko. Mashine zilikuwa mbili, moja nzima na nyingine ya kutoa vipuri. Kamba zilivuka toka ukuta hadi ukuta, na juu yake ziliangikwa nguo za wateja ambao wengi walikuwa wamekimbia mji bila kuja kuzichukua: magauni ya harusi, sare za shule, koti la mtu mnene ambaye hakuna aliyejua yuko wapi. Watu walimshauri Mama Serafina aziuze. "Watarudi," alikuwa akisema, "na watarudi uchi." Nyuma ya nguo hizo, kwenye godoro lililokunjwa, ndipo alipoishi Baso. Alitoka upande wa Djugu, kwa wakulima, baada ya kijiji chao kuchomwa, na kwa bahati mbaya ya njia alifikia mtaa ambao watu wake walikuwa wakitafutwa. Mama yake alikuwa amemuuzia Mama Serafina maharagwe kwa miaka. Baso alipogonga mlango wa nyuma, Mama Serafina hakumwuliza jina wala kijiji, maana alivijua, na vilikuwa vibaya. Alimwuliza kama amekula.

Chakula kilikuwa bugali na sombe, yaani kisamvu, siku nyingi sombe bila mafuta, na samaki mkavu wa Kasenyi ikiwa barabara ya ziwani ilikuwa wazi. Tulikula uani, Baso akila ndani nyuma ya magauni, na mazungumzo yalipita mlangoni kwa sauti ya chini. Hapo ndipo hip hop yetu ilipozaliwa, kwenye ubishi wa chakula. "Weye unarap sawa mutu iko naficha kitu mu mudomo," Claudine alimwambia Baso. "Niko naficha mutu muzima," Baso akajibu kutoka ndani, "mudomo ni kitu gani?" Mama Serafina alicheka mpaka akaweka sahani chini. Lakini Claudine alikuwa amegusa jambo lenyewe. Vijana wote tuliowajua waliokuwa wakirap walipiga kelele. Waliamini kupiga kelele ndiyo kurap. Baso hakuweza. Akipaza sauti, barabara ingesikia sauti ya kiume ngeni katika nyumba ya wanawake wawili, na swali lingekuja na bunduki. Kwa hiyo alirap chini, karibu kabisa na tundu la redio la kunasia sauti, taratibu, kila neno likiwa na uzito wake, na Claudine alikanyaga mashine ili kuifunika sauti isitoke dirishani. Mashine ikawa ngoma na pazia kwa wakati mmoja. Nimesikia hip hop nyingi tangu siku hizo, katika miji mingi, na sijasikia tena mtu akirap hivyo, kama anayekuambia jambo wewe peke yako na maisha yake yako mikononi mwako ukilisikia.

Tulirekodi mchana tu, kwa sababu mchana hakuna anayeshangaa kusikia mashine ya kushona. Upande A tuliufanya kwa betri mpya, mapile kama tunavyosema Bunia, ambazo nilizipata kwa dereva mmoja wa Ariwara. Una nyimbo nzuri. Kuna ule wa mabati, ambamo Baso anasimulia mvua inavyosikika juu ya paa la nyumba isiyo yake. Kuna ule wa Claudine mwenyewe, aliourap huku akikanyaga, pumzi yake ikifuata mguu. Wapiganaji walikuwa wakimletea nguo kutengeneza kama watu wengine wote, na yeye akaimba: "Nashona mufuko ya suruali yako, sijui utatia nini: mukate ao chuma. Sindano yangu haiulize, lakini mimi niko nauliza." Nilipousikia mara ya kwanza nilimwambia atoe huo mstari, ni hatari. Akanijibu, "Dido, weye unatembea inje yote, unaongea na kila mutu. Mimi niko na mufuko tu. Niachie mufuko yangu." Sikubisha tena. Mstari ule ndio bora wa upande A, na nina fahari kwamba sikuufuta, ingawa kitufe kilikuwa chini ya kidole changu.

Upande B ulipaswa kungoja betri nyingine. Nilizitafuta mji mzima. Dereva wangu hakuwa amerudi, maduka yalikuwa yamefungwa au yamevunjwa, na walio na betri walizishika kwa ajili ya habari za redio, kwa sababu habari ndizo zilizokuambia kama ukimbie leo au ungoje. Siku moja ya kungoja huko Baso alikuwa nyuma ya nguo akijizoeza mistari, Claudine akikanyaga, mimi nikiwa sakafuni nimeifungua redio nikiisafisha vumbi. Kijana mmoja wa barieri akaingia bila kubisha, bunduki begani, suruali imechanika gotini. Na wakati huohuo uzi ukakatika. Mguu wa Claudine ukasimama kwa mazoea ya kazi, mashine ikanyamaza, na sauti ya Baso ikabaki peke yake chumbani kwa maneno mawili matatu, chini, nzito, wazi kabisa, kabla hajajua.

"Nani iko nasema?" kijana akauliza.

Claudine alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. "Redio," akasema. "Ya Kampala."

"Redio?" Kijana aliitazama redio miguuni pangu. Kifuniko chake kilikuwa kando, lakini mkono wangu ulikuwa juu ya vitufe, nikabonyeza kimoja kama mtu anayezima. "Juu ya nini muziki iko malembe, polepole vile? Sauti iko sawa shetani."

"Mapile imekufa," Mama Serafina alidakia kutoka kwenye pasi ya makaa, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. "Kila siku namuambia huyu mulevi anunue ingine. Leta suruali, mutoto. Na weye, iko na mapile?"

"Nitoe wapi mapile, mama? Siye pia yetu ni vile vile, hata habari wanasoma sawa wanalala." Akacheka, akavua suruali nyuma ya mlango bila haya, akakaa kwenye kiti kwa kanga ileile niliyowahi kuvaa mimi, na kungoja. Claudine aliishona goti lile kwa mishono miwili sambamba. Mashine ilidunda mwendo uleule. Alipomaliza, kijana alisema asante, akasimama mlangoni, akasema tena kwamba redio yetu inahitaji dawa, akaenda.

Baso alitoka nyuma ya magauni na gauni moja likiwa bado limemng'ang'ania begani. Hakuna aliyecheka mpaka Mama Serafina alipocheka, na alipomaliza kucheka alifuta macho na kukata shauri. Kesho yake asubuhi lori la mfanyabiashara aliyemfahamu lingekwenda kaskazini, njia ya Aru, na Baso angekuwa ndani yake, chini ya magunia. "Mara moja wameamini redio," alisema. "Mara ya pili watataka kuiona." Baso aliuliza jambo moja tu: "Na upande ya pili?" Ndani ya kichwa chake kulikuwa na nyimbo nne zilizokamilika, hazijaandikwa popote, maana karatasi yenye mwandiko wake ilikuwa hatari kama sauti. Angeondoka nazo, na kama lori lingesimamishwa mahali pabaya zingeisha pamoja naye. Alilijua hilo, na siye wote tulilijua. Nusu ya kaseti ilikuwa tupu.

Kila mtu wa Bunia wa siku zile alijua kufufua betri. Unazipanga juu ya mabati ya moto, unazigeuza kama mahindi, unazing'ata kidogo ubavuni, na zinakupa uhai wa kuazima. Nilipanda juu ya paa na betri za redio yetu, na nyingine chakavu nilizoomba nyumba za jirani, nikazianika jua likiwa kali. Mchana wa siku hiyohiyo tukaanza. Nyimbo nne, mara moja kila moja, bila kurudia, kwa sababu kurudia kungekula nguvu. Claudine alikanyaga, Baso akaiinamia redio kama anayenong'ona na mtoto. Mimi niliitazama kaseti ikizunguka kwenye kidirisha na niliona inachoka. Ilizunguka, lakini kwa uvivu, na wimbo hadi wimbo uvivu ukazidi. Wimbo wa mwisho ndio ule ninaouita moyo wa kaseti, uliotokana na swali la Mama Serafina mlangoni: "Usiulize jina yangu, uliza kama nilikula. Jina haijaze sufuria, jina haiite mvula." Baso alipofika mwisho wake alinyamaza, mashine ikaendelea kidogo peke yake, na mlango wa nyuma ukafunguka, Mama Serafina akaita kwa nguvu kwamba bugali inapoa. Hilo nalo liliingia kwenye kaseti. Nikabonyeza kitufe. Asubuhi lori liliondoka, na barieri zote zikaliachia.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hapa ndipo jibu la mzee wa Ariwara lilipo. Redio iliyorekodi kwa mwendo wa uchovu, ukiicheza kaseti yake kwenye redio yenye nguvu, inakimbia. Sauti inapanda, maneno yanagongana. Hatukuligundua hilo kwa sababu tuliisikiliza kwa betri zilezile zilizochoka, na ilisikika sawasawa, Baso mzima, mzito kama alivyo. Na mji mzima ulikuwa na betri kama zetu! Nilinakili kaseti kwa redio yetu hiyohiyo kila nilipopata nguvu kidogo, Claudine akazishonea vifuko vya mabaki ya vitenge badala ya karatasi, bila jina lolote, ili atakayekamatwa nayo asimtaje mtu. Nilizipitisha barieri kwenye kofia, kwenye mkate, kwenye viatu. Zilivuka mtaa hadi mtaa, pande zote mbili. Watu waliifunga milango mchana na kusikiliza, na waliiita kaseti ya kifuko. Wanafunzi waliokuwa hawana shule walijua upande B kwa moyo. Siku moja kwenye barieri nilimsikia kijana mwenye goti la mishono miwili akiuimba chini chini, "jina haijaze sufuria," huku akinipekua. Nikamwuliza wimbo huo ni wa nani. "Haujui?" akasema kwa dharau. "Ni ya Kampala." Nilitembea kutoka pale nikiwa mrefu kuliko nilivyofika.

Kilichoiua kaseti yetu ni amani. Nasema hivyo bila kinyongo. Askari wa kofia za bluu walikuja, barabara zikafunguka, betri mpya zikajaa sokoni, jenereta zikanguruma hadi kwa vinyozi. Watu walitoa kaseti ya kifuko wakaiweka kwenye redio yenye afya, na upande B ukatoa sauti za bata. Walicheka. Walifikiri zamani walikuwa wamelewa hofu ndiyo maana waliipenda. Na kwa kuwa haikuwa na jina, hakukuwa na mtu wa kuja kuitetea. Mimi nilikuwa njiani kama kawaida yangu. Baso alirudi, akaoa, akafanya kazi ya ujenzi, akanyamaza, halafu koo likamnyamazisha zaidi. Nakala zikaisha moja moja, nyingine zikarekodiwa mahubiri juu yake.

Nilifika kwa Baso mchana wa Jumapili. Mkewe alikuwa jikoni akisonga bugali, na Claudine alikuwa ameshafika, amekuwa mama mwenye duka la kushona sokoni na mafundi anaowagombeza. Tulimkumbuka Mama Serafina, aliyefariki miaka kadhaa iliyopita, akiwa na nguo tatu za wateja bado kwenye kamba. Nikaweka kifuko mezani. Claudine alikigeuza, akapitisha ukucha kwenye mishono, akasema, "Uzi ulikuwa mubaya, lakini ushonaji ni muzuri." Baso hakukigusa. Grâce, niliyempigia simu toka Ariwara, alikuwa ameazima redio ya zamani kwa jirani na kuiunganisha na kompyuta yake, na tukaucheza upande B. Bata wakatoka. Grâce alijitahidi asicheke, akashindwa. "Papa! Njo weye huyu?" Baso naye alicheka, bila sauti, mabega yakimtikisika, lakini niliona macho yake yakienda dirishani.

Nilimweleza Grâce habari ya betri, na nikaomba betri zilizochoka. "Tonton, mapile ya wapi?" akasema. "Sasa kila kitu ni chaji." Lakini kompyuta yake ingeweza kuupunguza mwendo. Alipunguza, na Baso akawa mbuzi. Akapunguza zaidi, akawa jitu linalozama majini. Akapandisha. Kila mmoja wetu alisema lake, juu kidogo, chini kidogo, na kila tulipokaribia, mwendo ulihama tena, kwa kuwa siku ile betri ziliendelea kufa wimbo hadi wimbo. Grâce akaondoa mikono. "Haiwezekane," akasema. "Sina kipimo. Sijui ilikuwa namna gani." Hapo ndipo Baso alipoinama na kumgusa bega, akamwonyesha chini ya meza.

Mguu wa Claudine ulikuwa ukikanyaga. Kiatu ameshakivua, kisigino na vidole vikipokezana juu ya saruji, mwendo mmoja usiopanda wala kushuka, na yeye mwenyewe alikuwa akisugua kifuko kwa kidole, hajui. Nikawasikia wale mama wa Mongbwalu. Baso alimsogelea binti yake sikioni, na kwa jitihada akanong'ona: "Fuata muguu."

Grâce alisikiliza mashine ndani ya kaseti, si sauti. Alishusha taratibu mpaka mdundo wa kaseti na mguu wa Claudine vikakanyaga pamoja, na kila mdundo ulipotaka kukimbia aliuvuta urudi kwenye mguu. Na Baso akatoka. Alitoka chini kabisa, mzito, polepole, anaongea nawe peke yako. Usiulize jina yangu. Mkewe alikuja mlangoni na mwiko mkononi. Midomo ya Baso ilikuwa ikisema maneno yale pamoja na kijana aliyekuwa yeye zamani, na kwa kuwa kijana yule alirap chini kwa kujificha, na huyu hawezi kupaza tena, walikuwa karibu sawa. Hakukosea neno. Grâce hakuangalia kompyuta; alimwangalia baba yake mdomoni, kisha kwenye redio, kisha mdomoni. Wimbo ukaisha, mashine ikabaki peke yake kidogo, mlango wa uani ukafunguka, na Mama Serafina akaita kwamba bugali inapoa. Claudine, amefumba macho, akajibu kwa heshima, "Tunakuya, shangazi," na mguu wake ukasimama.

Halafu Grâce akairudisha kaseti nyuma mpaka mwanzo wa upande B, akaweka vidole tayari, akapangusa uso kwa bega.

"Tantine," akasema. "Muguu."